Kwa Baiskeli Hadi Daraja la Kyaka: Mwongozo kwa Msafiri wa Tarime na Serengeti

Tarehe 3 Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja la Mto Kagera pale Kyaka. Siku mbili kabla, Kampala ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto ule sasa ni mali ya Uganda, na daraja hilo ndilo ambalo jeshi letu lingelitumia kurudi. Ndege zao zilijaribu kulipiga mabomu zikashindwa. Ikabidi aletwe mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe, na kazi ikakamilika.

Mahali hapo panafikika kwa baiskeli, tena nashauri ufike hivyo hivyo. Ukipita na basi la kwenda mpakani Mutukula, kufumba na kufumbua umeshavuka, na ulichoona ni kisogo cha abiria wa mbele. Kwa baiskeli unashuka bondeni taratibu, unauona mto ulivyo na maji yanavyokwenda, na unapata nafasi ya kujiuliza jeshi lenye malori na mizinga lingepitaje hapo bila daraja.

Nawaandikia wasomaji wa Tarime na Serengeti kwa sababu Kyaka iko ng'ambo ya ziwa letu, lakini vita vyake vimo majumbani mwetu. Najua yuko atakayeuliza kwa nini asafiri umbali wote huo wakati Wilaya ya Serengeti ina magofu ya Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani ambako mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani cha Naumann kilipambana na Wabelgiji. Ni kweli, ngome hiyo ina historia nzito. Ila njia ya kuelekea huko inakatiza nchi ya nyati na tembo, na mimi simshauri mtu yeyote akutane na nyati akiwa juu ya baiskeli ya Phoenix.

Anza na wazee wa nyumbani

Kabla hujagusa spana, tafuta mzee aliyekuwa vitani. Mkoa wa Mara hauna uhaba wao. Amiri Jeshi Mkuu mwenyewe, Mwalimu Nyerere, alikuwa wa Butiama. Wa Butiama pia alikuwa David Musuguri, aliyekabidhiwa Divisheni ya 20 mapema mwaka 1979, baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, na akafariki Oktoba 2024 akiwa amevuka miaka 100. Brigedi ya 208 iliongozwa na Brigedia Mwita Marwa, jina ambalo mtu wa Tarime hahitaji kuelezwa limetoka upande gani. Na chini ya hao kulikuwa na vijana wengi wa vijijini, wanajeshi wa kawaida na askari mgambo waliochukuliwa kwa makumi ya maelfu nchi nzima, ambao hakuna kitabu kilichowataja.

Nenda kwake jioni, wakati ng'ombe wamesharudi. Amkia, kaa, ongea habari za mvua na mahindi. Mzee wa Kikurya hakusimulii vita kwa sababu umemwekea simu mdomoni. Akianza, usimuulize aliua wangapi. Ni swali la kitoto na litamfunga mdomo. Muulize mambo madogo: walikula nini, viatu vilikuwaje, usiku walilala wapi, mto walivukaje. Majibu ya namna hiyo ndiyo yatakayokufaa ukiwa umesimama Kyaka. Muulize pia kama anakumbuka mkasa wa Musoma, ambako ndege zetu wenyewe zilitunguliwa na mizinga yetu kwa kudhaniwa za adui. Wazee wengine wanausimulia kwa kicheko, wengine wanatikisa kichwa tu.

Kama mzee ana rafiki au kamanda aliyezikwa Kagera, andika jina. Nitaeleza mbele kwa nini.

Baiskeli yenyewe

Phoenix ya kawaida inatosha. Ukiwa na baiskeli ya mtumba yenye gia, vilima vya Bukoba vitakuwa rahisi zaidi, lakini ikiharibika gia njiani fundi wa kijijini atakufungia mnyororo kwenye jino moja na utaendelea na safari kama mwenye Phoenix. Kwa hiyo usikope fedha kununua baiskeli ya kifahari. Tumia fedha hiyo kwa tairi mbili nzuri na mipira mipya ya breki. Breki nazitaja makusudi: barabara ya Kyaka ina miteremko mirefu, na eneo lile hupata mvua isiyo na adabu. Mpira wa breki uliokwisha, ukilowa, haukamati kitu.

Mpe fundi rimu ya nyuma aitazame. Izungushe gurudumu likiwa hewani. Likiyumba, spoki zimelegea, na ukilipandishia mzigo wa kilo 15 kwenye keria zitaanza kukatika moja baada ya nyingine. Mnyororo upakwe oili nyepesi. Usiupake grisi, inashika vumbi na mchanga, na mchanga unakula meno.

Beba tyubu moja ya akiba, pampu, viraka, sulusheni, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kubandulia tairi na spana inayoingia kwenye nati za magurudumu yako, si ya jirani. Kuziba pancha jifunze nyumbani, usisubiri barabarani. Wengi wanaharibu kwa haraka. Kausha tyubu kabisa kwanza. Sugua kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe, eneo kubwa kidogo kuliko kiraka. Paka sulusheni nyembamba, kisha subiri. Gusa pembeni kwa kidole. Ikivuta uzi, bado. Ikishakuwa kavu na isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kuanzia katikati kwenda nje. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi polepole, maana mwiba uliokutoboa mara nyingi bado umo.

Mzigo ufungwe kwa mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu. Kamba ya katani hulegea, mpira hauachii. Nguo na nyaraka ziingie ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, halafu ndani ya begi.

Kujipima

Kutoka Bukoba hadi Kyaka ni kama kilomita 50. Kwa mtu wa Tarime kuna njia ya wazi ya kujua kama ataimudu: aende Kirumi. Kutoka Tarime mjini mpaka daraja la Kirumi, pale barabara ya Musoma inapovuka Mto Mara, ni kilomita 50 na ushei. Kwenda ni mteremko kwa sehemu kubwa, maana Tarime iko juu na Kirumi iko karibu usawa wa ziwa. Kurudi ndiyo mtihani. Ukirudi nyumbani kwa miguu yako mwenyewe bila kupandisha baiskeli kwenye basi, Kyaka utafika.

Ukiwa hapo Kirumi, simama kidogo. Kabla ya daraja hilo watu na magari walivuka kwa kivuko, na wazee wa Rorya na Tarime wanakumbuka ilivyokuwa kivuko kikiharibika. Kumbukumbu hiyo itakusaidia kuielewa Kyaka.

Wa Mugumu, wilayani Serengeti, wajipime kwa barabara ya Tarime mpaka daraja la Mto Mara na kurudi. Watoke kumekucha kabisa, wasitoke na giza, kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Kuvuka ziwa

Kutoka Tarime unapanda basi la Mwanza kupitia Makutano, Bunda, Lamadi na Magu. Wa Mugumu ataunganisha Bunda. Ongea na konda wa basi siku moja kabla kuhusu baiskeli. Ukimshtukiza stendi asubuhi, bei itapanda na maneno yatakuwa mengi. Fungua gurudumu la mbele, geuza usukani ulale sambamba na fremu, na uuvalishe mnyororo gunia kuukuu ili usipake oili mizigo ya watu kwenye buti. Gurudumu lifunge kwenye fremu. Likienda peke yake, linaweza kushuka peke yake.

Mwanza una njia mbili. Ya kwanza ni meli ya MV Victoria, inayolala njiani usiku na kupitia Kemondo kabla ya kufika Bukoba. Baiskeli inaingia kama mzigo. Lipia, chukua risiti, itunze. Ulizia ratiba bandarini kwa sababu meli haiondoki kila siku. Mimi naipenda njia hii, maana unashuka Bukoba asubuhi na miguu haijachoka. Kama kumbukumbu ya kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996 bado inakuzuia kupanda meli, hakuna wa kukucheka. Basi lipo, linapita juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kisha Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba. Ni siku nzima ya kukaa.

Kitambulisho cha Taifa kiwe mfukoni, kisiwe ndani ya begi. Mkoa wa Kagera unapakana na nchi tatu, na maofisa wa uhamiaji hukagua mabasi. Mtu wa Tarime aliyezoea vizuizi vya njia ya Sirari hatashangaa. Ila kumbuka kwamba huku lafudhi yako ni ya mgeni, na kijana mwenye baiskeli iliyofungwa mizigo, akielekea mpakani, lazima ataulizwa anakwenda wapi. Jibu kwa ukweli: naenda kuona daraja lililolipuliwa wakati wa vita. Jibu hilo huanzisha mazungumzo marefu.

Majira mazuri ni Juni hadi Agosti. Wapo wanaotaka kufika mwanzoni mwa Novemba ili walingane na tarehe. Nawaelewa, na watakula senene wa moto kutoka kikaangoni, lakini wajue kwamba watalowa. Bukoba ni kati ya miji inayonyeshewa sana nchini.

Bukoba hadi Kyaka

Ondoka saa 12 asubuhi. Bukoba imekaa kando ya maji na barabara inaanza kwa kupanda, kwa hiyo usitumie nguvu zako zote kwenye kilima cha kwanza. Mura, kushuka na kukokota si aibu. Wauza ndizi wa huko wenye mikungu sita kwenye keria wanakokota kila siku. Njia yote ni lami. Tatizo ni malori ya Uganda, ambayo yana haraka zake. Shika kushoto, vaa fulana ya rangi kali, na ukisikia lori nyuma na lori mbele kwa wakati mmoja, toka nje ya lami usubiri yapishane.

Migomba, kahawa na nyumba vitakusindikiza kwa muda mrefu, kisha nchi inafunguka na kuwa majani na vichuguu. Kwa mwendo wa Phoenix yenye mzigo, pamoja na kupumzika, hesabu saa tano. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Ukikaribishwa rubisi njiani, shukuru na useme utarudi. Pombe ya ndizi kwenye jua la saa sita na mteremko wa Kyaka mbele yako havipatani. Kahawa ya kutafuna ikubali. Ni heshima ya mgeni kwa Wahaya, na buni mbili tatu zinakuondolea usingizi.

Kuhusu heshima: "shikamoo" inafanya kazi kote. Ila ukisikia wenyeji wakimwita mzee kwa kutanguliza "Ta" kabla ya jina lake, na mama kwa "Ma", ifuate. Utaona nyuso zinavyobadilika.

Pale darajani

Mji wa Kyaka uko upande wa kusini wa mto, mahali ambapo barabara ya Karagwe inaachana na ile ya Mutukula. Tafuta nyumba ya wageni kwanza, weka mzigo, kula ndizi. Kisha pita ofisi ya mtendaji wa kata, jitambulishe, useme unachotaka kuona na kupiga picha. Huenda ukaona ni urasimu. Lakini daraja ni mali ya ulinzi, mpaka uko karibu, na dakika kumi za kujieleza ofisini ni bora kuliko saa tatu za kujieleza kituoni. Ukimwona askari yeyote, simu irudi mfukoni mpaka umwombe ruhusa.

Halafu shuka mtoni ukiwa umepumzika. Daraja utakalolikanyaga si lile la 1978. Omba mwenyeji mtu mzima akuonyeshe lile la zamani lilipopita, usibahatishe mwenyewe. Simama upande wa kusini ukitazama Uganda. Maji yanatoka kushoto kwako kwenda kulia, ya rangi ya udongo, mazito, bila haraka. Mto huu umetoka Burundi na Rwanda na hapa umebakiza kidogo kuingia ziwani. Mafunjo yamesimama pembeni. Hapo ndipo mambo uliyomuuliza mzee wa nyumbani yanapata maana. Mtu mmoja anaweza kuvuka kwa mtumbwi. Lori la risasi haliwezi. Kwa wiki kadhaa Watanzania walikaa upande huu unaosimama wewe, wakipigana kwa mizinga juu ya maji, huku wahandisi wa JWTZ wakitafuta namna. Kabla ya Novemba kuisha walikuwa wameweka madaraja ya muda, na jeshi likavuka.

Usishuke kwenye maji yenyewe. Viboko na mamba wamo, na mafunjo hayaonyeshi kilichomo ndani.

Hapa Kyaka utaonyeshwa pia magofu ya kanisa lililopigwa mizinga. Panda ukayaone. Ukiwa hapo tumia akili ya kutofautisha: si kila ukuta uliopasuka wilayani hapa Missenyi ni kazi ya Amin. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa huu na kuangusha nyumba nyingi, za Bukoba na za vijijini. Ukiona nyumba yenye ufa, uliza kabla ya kuipiga picha na kuisingizia vita.

Na chuma chochote utakachokikuta ardhini, kiache. Novemba 2017, wilayani Ngara katika mkoa huu huu, wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga waliuawa na bomu la mkono lililookotwa likidhaniwa chuma chakavu. Halikuwa la vita vya Amin, lakini bomu haliulizwi umri.

Jioni ndiyo saa ya wazee wa Kyaka. Usiulize "vita vilikuwaje", kwa sababu utapewa hotuba uliyokwisha kuisikia redioni, ile ya Mwalimu ya uwezo, sababu na nia. Uliza: siku ile ulikuwa upande gani wa mto? Waliokuwa kusini wana hadithi za kupokea watu, maelfu waliokuja na magodoro kichwani. Waliokuwa kaskazini na wakawahi kuvuka wana hadithi nyingine. Waliochelewa, daraja likalipuliwa wangali ng'ambo, ndio wenye nzito kuliko zote; inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa katika ardhi iliyotekwa, na wanawake walichukuliwa. Yako mambo ambayo hayasimuliwi kwa mgeni wa siku moja. Mtu akinyamaza, mwachie ukimya wake, uliza habari za shamba.

Wengine watakurukia mbele mpaka 1994, mto huu huu ulipoleta maiti kutoka Rwanda na watu wa ziwani wakaacha kula samaki. Ni haki yao. Wao hawaishi na historia iliyogawanywa kwa sura.

Usiishie darajani

Wageni wengi hupiga picha, wakageuza. Ni kupoteza nauli. Siku ya pili acha mzigo Kyaka, vuka daraja na uendelee mpaka Mutukula, kilomita kama 30 kwenda na 30 kurudi, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ardhi hii utakayoikanyaga na daraja lilikuwa mlango wake tu.

Mpaka wa Mutukula ni mstari ulionyooka. Waingereza na Wajerumani waliupiga mwaka 1890 wakifuata nyuzi moja kusini mwa Ikweta, bila kujali mto wala kijiji. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo, na kipande kilicho katikati, chenye kilomita za mraba zipatazo 1,800, kikabaki Tanzania lakini nyuma ya maji. Amin alidai kwamba mpaka wa kweli ni mto. Kwenye ramani utasoma hayo kwa dakika moja na kuyasahau. Kwenye tandiko la Phoenix yanakaa mwilini: unatoka mtoni asubuhi, unakanyaga saa tatu, na bado uko kwenu.

Tena usidhani mstari huo haukuhusu. Ukiufuata kwenda mashariki unakatiza Ziwa Victoria lote na kutokea Rorya, ambako ndiko mpaka wetu na Kenya unakoanzia kabla ya kukunja kwenda Sirari na kuwagawa Wakurya pande mbili. Ni kalamu moja. Sisi ilitupa ndugu wenye vitambulisho tofauti, na Missenyi ikaipa vita.

Njia yenyewe ni nyepesi kuliko ya Bukoba. Utapita Bunazi, makao makuu ya wilaya, ambako unaweza kunywa chai ya pili. Matrekta na malori ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kagera huingia barabarani. Miwa huning'inia nje ya bodi, kwa hiyo yape nafasi kubwa kuliko unavyodhani inatosha. Upande huu pia ndiko iliko ranchi ya Missenyi, ambayo ng'ombe wake waliswagwa kwenda Uganda kwa maelfu mwaka ule, pamoja na mitambo, sukari, na hata mabati ya nyumba za watu. Watu wa Tarime hatuhitaji kuelezwa uchungu wa kuamka na kukuta zizi tupu. Ukipata mfugaji wa kuongea naye hapa, mazungumzo hayatakosa pa kuanzia.

Mutukula utakuta mji wa malori, wabadilisha fedha na chapati. Jeshi letu liliuteka upande wa Uganda Januari 1979 na kuusawazisha kwa tingatinga, likilipiza ya Kyaka. Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilizinduliwa Novemba 2017 na Marais Magufuli na Museveni. Kama huna pasipoti au hati ya dharura ya safari, pamoja na kadi ya homa ya manjano, usivuke hata kwa kutania. Kitambulisho cha Taifa hakikuvushi. Simu yako nayo itaanza kudaka mtandao wa Uganda kama inavyodaka wa Kenya ukiwa Sirari, kwa hiyo zima data kabla salio halijaisha. Geuza ifikapo saa sita mchana ili ulale tena Kyaka bila kupanda baiskeli gizani.

Kurudi

Siku ya tatu unarudi Bukoba. Sasa vilima vinakusubiri mwishoni, wakati miguu ina kilomita 110 za siku mbili. Miguu ikikataa, Hiace za Bukoba zinapita Kyaka na zitabeba baiskeli juu. Patana kwanza, kisha uifunge mwenyewe.

Kama ulilala mjini Bukoba na una nusu siku kabla ya meli, kumbuka tu kwamba mji huu nao ulishaonja vita vya kabla ya hivi: Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaushambulia na kubomoa mtambo wa Wajerumani wa simu ya upepo. Ni hadithi nyingine, na ina safari yake.

Lile jina uliloandika nyumbani sasa lina kazi. Askari wengi waliokufa katika vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, ambako Siku ya Mashujaa ya Julai 2013 iliadhimishwa kitaifa. Ukirudi kwa basi, Muleba iko njiani. Makaburi hayo yako kwenye eneo la jeshi: fika mchana, jitambulishe getini kwa kitambulisho cha Taifa, taja jina la marehemu na uhusiano wa mzee wako naye, na usubiri waamue. Baiskeli iache nje ya geti kwa mtu utakayemlipa. Wakikuruhusu kuingia, uliza mapema kama picha ya kaburi inaruhusiwa, kwa sababu mzee aliyekutuma atataka kuiona. Wasiporuhusu, andika kwenye karatasi yaliyochorwa kwenye kaburi, neno kwa neno, pamoja na namba kama ipo.